Nusu Inayotoka kwa Baba

Mtoto mwenye ualbino akizaliwa kwa wazazi weusi, maneno huanzia kwa mawifi. Kamtoa wapi huyu? Wapo watakaosema mama kazaa na mzungu, wapo watakaonong'ona kuhusu laana. Wote humtazama baba, na baba akinyamaza, ukoo unachukua ukimya wake kuwa ndilo jibu. Wanawake wengi wamerudi kwao na kichanga mgongoni kwa sababu ya ukimya wa namna hiyo.

Siku hizi semina za ubaba zimejaa, na nyingi huzungumzia maono, akiba na mipango ya miaka kumi. Sizipingi. Ila huku kwenye nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zipo nyumba ambamo baba mwenye malengo huanza na jambo moja tu: kujua yeye mwenyewe amempa mtoto nini.

Ualbino ulioenea zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara unatokana na hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho OCA2, ambacho kazi yake inahusu melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba hicho, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu ana rangi kama watu wengine wa ukoo wake, na anaweza kuzeeka bila kujua amebeba kitu. Mtoto huzaliwa na ualbino pale anapopokea nakala yenye hitilafu kutoka kila upande. Kwa maneno mengine, mama peke yake hawezi kumzaa mtoto huyu. Na mtoto wa mwanamke mweusi na mzungu huwa chotara, ana rangi yake, hana ualbino.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Mimba iliyopita haipunguzi wala haiongezi kitu, ndiyo maana nyumba moja inaweza kupata watoto watatu wenye ualbino mfululizo na nyingine ikapata mmoja kati ya saba. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400. Ukikokotoa kwa kanuni za urithi, kiwango hicho kinamaanisha kwamba takriban mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Kwenye harusi ya watu 200, kumi hivi wamebeba, na huenda bwana harusi ni mmoja wao.

Nikiongea na wazazi huchora kwenye karatasi duara mbili za baba, mbili za mama, kisha mistari minne ya kuziunganisha. Wanaume wengi huichukua kalamu wakachora wenyewe mara ya pili, polepole, kabla ya kusema lolote. Anayebaki na shaka anayo njia: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mahakama uwezo wa kuagiza kipimo cha vinasaba, na Mkemia Mkuu wa Serikali hupima. Kelele za kilabuni hazipimi chochote.

Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, inajulikana kwa hospitali ya misheni na chuo cha ualimu. Inajulikana pia kwa jambo zito zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kanda ya ziwa na magharibi kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008, shule ya msingi ya Kabanga, iliyokuwa na kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ikageuzwa kuwa hifadhi. Watoto waliletwa kutoka vijijini wakae ndani ya uzio wenye ulinzi. Akina mama kadhaa walikuja na watoto wao wakabaki nao humo. Baba walikuwa wachache.

Si kwamba wote waliwatupa. Wengine walimleta mtoto wenyewe, usiku, kwa hofu ya majirani. Tatizo ni kilichofuata. Buha, nchi ya Waha, inayo mazoea ya muda mrefu ya baba wa mbali: enzi za mkoloni wanaume wa Kiha walisombwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba, na ubaba ukawa ni kile kinachotumwa au kuletwa siku ya kurudi. Mtoto akiwa mahali penye chakula na askari, baba huona kazi imeisha. Lakini mtoto aliyekaa miaka bila kutembelewa anakuwa mgeni kwao, na mgeni ni rahisi kudhuriwa kuliko mtoto anayejulikana kwa jina kila nyumba. Hifadhi ilihitajika, kuifanya iwe badala ya baba ni kosa, na hapo simtetei mtu.

Sasa kazi yenyewe. Macho ya kichanga mwenye ualbino huchezacheza na hayatulii kwenye uso wako. Baba wengine hudhani mtoto ni kipofu, au kwamba mtoto huyo hawapendi. Anakusikia vizuri kabisa. Mpakate, mwimbie, mwambie unachofanya. Sauti yako ndiyo atakayoifahamu kabla ya sura.

Jua la huku ni kali kuliko baridi ya asubuhi inavyokudanganya, kwa sababu miale ya urujuanimno huongezeka kadiri unavyopanda juu, na hupenya hata mawingu. Kofia ya pama, mikono mirefu na sketi au suruali ndefu huja kwanza. Mafuta ya kuzuia jua huja baada ya hapo, hayachukui nafasi ya nguo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino hapa nchini. Yakipatikana, yapakwe masikioni, shingoni nyuma na midomoni, sehemu ambazo mkono wenye haraka huziruka. Mara moja kwa wiki mkague mtoto mwili mzima mahali penye mwanga. Kidonda kisichopona wiki kadhaa au gamba linalorudi kila likibanduka lipelekwe hospitali. Saratani ya ngozi ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji mdogo, na wanaokufa kwayo ni hasa waliochelewa.

Hapa baba mkulima anakutana na swali gumu. Kwetu mvulana hurithi jembe. Huyu hawezi kuishi kwa maharage na muhogo wa kulimwa juani, kwa hiyo ada na madaftari yake ni matibabu kama yalivyo mafuta. Kazi ya ndani italinda ngozi yake kwa miaka arobaini. Na ipo: Salum Khalfani Barwany alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini 2010, na Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria, akawa naibu waziri 2015, wote wawili wakiwa na ualbino.

Darasani mtoto huyu haoni ubao vizuri kwa mbali, ila akili haina shida. Walimu wasiojua humweka kwenye kundi la wazito. Nenda mwenyewe, usimtume mama. Omba akae mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua, aruhusiwe kusogelea ubao, na apimwe macho. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, ila ni lazima shule imwandikishe hivyo mapema. Usingoje darasa la saba lifike nusu ndipo uulize. Mwalimu mkuu akuonyeshe jina la mtoto limeandikwa kwenye safu ipi.