Uwiano wa Kila Siku: Mwongozo kwa Mlaji wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Katika mji wa Kibiti, ulio kando ya barabara kuu iendayo Lindi, na katika maeneo ya delta yanayofikiwa kwa boti, kama vile Mbwera na Maparoni, mlaji hukutana na vyakula vya aina mbili. Vipo vinavyotoka shambani na majini: wali, muhogo, kunde, kisamvu, matembele, maembe, nazi, samaki na kamba. Vipo pia vinavyofika dukani vikiwa vimefungashwa: soda, juisi za pakiti, biskuti, mafuta ya kula na viungo vya mchuzi. Tatizo huanza pale vyakula vya dukani vinapoviondoa mezani vile vya asili.

Shinikizo la juu la damu na kisukari hujengeka kwa miaka mingi, mara nyingi bila dalili. Kwa mkazi wa delta, ambaye safari ya kufuata matibabu hutegemea chombo na kujaa kwa maji, kuchelewa kugundua maradhi haya ni hatari zaidi. Hapa ndipo kinga huwa bora kuliko tiba.

Sahani yenye uwiano

Wali au ugali usijaze sahani nzima. Uambatane na mboga za majani, kunde au samaki, na tunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mvuvi auzaye kamba wote ili anunue vyakula vya pakiti huipunguzia familia yake lishe. Ni vyema abakize sehemu ya mavuno kwa ajili ya nyumbani. Aidha, chungu kilichotiwa tui zito hakihitaji kuongezewa mafuta mengi ya kupikia.

Chumvi

Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kiwango hicho kinajumuisha chumvi iliyomo tayari ndani ya ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi na viungo vya mchuzi. Kabla ya kupika ng'onda, mloweke, mwaga maji hayo, kisha onja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi yoyote. Chumvi utakayotumia iwe yenye madini joto, na ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko.

Iwapo lebo imetaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kiasi hicho kwa 2.5 ili kupata kiasi cha chumvi.

Sukari

Kwa mtu mzima wa kawaida, sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi takriban gramu 50 kwa siku. Ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, ikiwa ni chupa ya mililita 350, ina gramu 35, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Ukiongeza vikombe viwili vya chai yenye vijiko viwili kila kimoja, umekwisha kuvuka kiwango cha siku. Maji safi na salama, au dafu mara mojamoja, yanatosha kukata kiu.

Sumukuvu

Mahindi na karanga zilizopata unyevu, hasa baada ya mvua na mafuriko, zinaweza kuota kuvu watoao sumu. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ulaji wake wa muda mrefu huchangia saratani ya ini, na upishi wa kawaida hauiondoi. Anika mazao juu ya turubai au mkeka, yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Punje zilizoota kuvu zisiliwe wala wasipewe mifugo.

Mwili nao utumike

Mkulima na mvuvi hufanya kazi ya mwili kila siku. Muuza duka na dereva wa bodaboda hukaa kwa saa nyingi. Hawa watenge angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi nyingine inayotoa jasho.

Kabla ya kulipa, kagua:

- alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula;
- tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi;
- jina na anwani ya mtengenezaji;
- orodha ya viambato: kilichotangulia ndicho kilicho kingi zaidi;
- madai ya kutibu maradhi: chakula si dawa, hivyo yatilie shaka.

Ukitilia shaka bidhaa, usiitumie. Hifadhi kifungashio na risiti, kisha toa taarifa kwa afisa afya wa kata yako au ofisi ya TBS iliyo karibu. Taarifa yako humkinga pia jirani aliyenunua bidhaa hiyohiyo.