Zima stima mwenyewe kabla haijapotea

Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona. Diski za kompyuta huwa hazina bahati hiyo.

Huku Umoja na Kayole hatungoji tumbili, stima hupotea tu. Mwenye saiba hununua UPS pale Luthuli, anaisukuma chini ya meza na kutulia. Lakini UPS ni betri, na betri hizo huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Kama seva haijaambiwa ijizime, dakika zikiisha inazimika ghafla ikiwa bado inaandika: madeni ya wateja, hesabu za chama, picha za harusi ya mtu.

Basi ijaribu. Weka nakala ya data kando, unganisha UPS na seva kwa waya wa USB, kisha weka programu ya NUT au apcupsd, zote za bure. Asubuhi saiba ikiwa tupu, zima swichi ya soketi. Usichomoe plagi, utakata na ethi. Hesabu dakika.

Wengi huishia hapo. Sasa rudisha stima: seva inawaka yenyewe? Isipowaka, rekebisha kwenye BIOS. Kisha rudia, lakini safari hii rudisha stima seva ikiwa katikati ya kujizima. Hapo ndipo nyingi hulala hadi mtu aje kubonyeza. UPS haikuwahi kukata stima, so seva haina habari kwamba imerudi. Programu hizo zina amri ya kuifanya UPS ikate, kisha iwashe tena.