Nyanya Asemaye Kama Redio

Jumamosi moja baada ya sala ya Isha nilikwenda kutazama filamu fupi iliyotengenezwa na vijana wa Mji wa Kale, hapa Mombasa. Mwenye kuitunga ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, na ndiye aliyenisihi nisikose. Nilikwenda na mama yangu, mwenye umri wa miaka 80 na kitu, ambaye hakuwa ameingia mahali pa senema tangu mimi sijazaliwa.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 20. Yahusu ajuza auzaye mahamri barazani, ambaye warithi wataka kuiuza nyumba anayokaa ili kila mmoja atwae fungu lake. Nathubutu kusema kwamba picha zilinipendeza. Mlango wa nakshi ulikuwa mlango, mkeka ulikuwa mkeka, na moshi wa jikoni ulinikumbusha alfajiri za utoto wangu, nikienda chuoni na juzuu kwapani. Kisha yule ajuza akafungua kinywa. "Njooni, wajukuu zangu," akasema. "Msicheke. Njia hii ni ndefu."

Mama yangu akaniinamia. "Huyu mke ni wa wapi?"

"Wa papa hapa, mama."

"Si wa hapa. Wa hapa angesema ndooni."

Msomaji wa Mvita hahitaji kufafanuliwa. Kwetu sisi mtu huitwa kwa ndoo, hupita ndia, huumwa na kitwa, hufumba mato, hupika mtele, na akifurahi huteka. Yule ajuza alikuwa na buibui la kwetu na mahamri ya kwetu, lakini maneno yake yalikuwa ya msoma habari wa redio.

Hapana budi tukumbuke kwamba filamu si mgeni mjini petu. Katika siku za Regal na Naaz, picha za Kihindi zilijaza watu, na nyimbo zake zilitoka mle ndani zikaingia majumbani. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana mwambao mzima kwa kuimba kwa mahadhi ya Kihindi, na mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya Ustadh Ahmad Nassir, malenga ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka mwaka 1971. Sauti ilitoka Bombay, maneno yakatoka Mvita, na bibi harusi wa Kibokoni hakuona ugeni wowote. Zamani basi tulitwaa sauti ya wengine tukaitia maneno yetu. Leo vijana wetu watwaa sura zetu wakazitia maneno yasiyotoka vinywani mwetu. Hilo ndilo lililonikera usiku ule.

Wala sikusudii kukitukana Kiswahili sanifu. Ndicho nikiandikacho hapa, na ndicho kinachomwezesha mtu wa Kisumu kunisoma. Lakini yafaa tujue kilikotoka. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa. Tangu hapo mtoto wa Mvita huingia darasani akiambiwa kwamba asemavyo nyanya yake ni makosa.

Hata hivyo, watungaji wetu hawakukubali kunyamaza. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga kwa lugha ya mji huu juu ya vita, mapenzi, njaa na mambo ya sokoni. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, baina ya mwaka 1969 na 1972, na akaitunga kwa Kimvita. Kitabu kikatoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hapana aliyesema kwamba lugha ile haifahamiki. Katika mchezo wa kuigiza nako tulikuwa na Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, ambaye Kilio cha Haki chake kilitoka mwaka 1981, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akatiwa kizuizini. Na katika filamu, mwaka 2018 ilitoka Subira ya Ravneet Sippy Chadha, kisa cha binti wa Lamu atamaniye kuogelea baharini. Ilipelekwa kwa niaba ya Kenya kushindania tuzo ya Oscar. Visa vya mwambao vina watazamaji hata ng'ambo.

Hotuba yote hiyo nilikuwa nimeitayarisha kichwani taa zilipowashwa. Mpwa wangu akaja, akatoa salamu, akanibusu mkono.

"Mjomba, waionaje?"

"Picha nzuri, mwanangu. Lakini nyanya wako amezaliwa kwenye redio."

Hakukasirika. Akaketi kando yangu. "Mjomba, nilipokuwa shule niliandika ndoo katika insha, nikikusudia njoo. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akaniambia ndoo ni ya kutekea maji. Darasa zima wakacheka. Tangu siku ile maneno ya nyumbani nayawacha nyumbani." Kisha akanitazama. "Na wewe, mjomba? Huko gazetini waandika ndoo?"

Nikakosa la kusema.

Yako mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipokuwa kijana wa miaka 20 na kitu nilitunga mchezo wa kuigiza, na watu wote ndani yake walisema kama wasemavyo mtaani kwetu. Niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Ukarudi na barua ya mistari mitatu, kwamba lugha irekebishwe ndipo utazamwe tena. Nikakaa miezi miwili nikirekebisha. Kila kuteka nikakufanya kucheka, kila mato nikayafanya macho. Nilipoumaliza na kuusoma, watu wangu wote walikuwa wamekufa. Sikuupeleka tena. Niliutia sandukuni, na kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikiwalaumu wengine.

Basi kosa la mpwa wangu lilianzia kwangu na kwa wenzangu wa rika langu. Sisi wenye kalamu ndio tuliokubali mwanzo. Yeye amekuta mlango umefungwa, akadhani kwamba ndivyo ulivyojengwa.

Siku ya pili nilifungua sanduku, nikautafuta ule mswada wa kwanza, wenye lugha ya nyumbani, nikampelekea. Karatasi zimeingia manjano, na pembe mbili zimeliwa na mchwa. Aliusoma usiku kucha. Asubuhi akaja na shauri: maneno ya ajuza wa filamu yasemwe upya, na msemaji awe nyanya yake mwenyewe. Tukaenda sote kumwomba mama.

Mama alitusikiliza hadi mwisho. Akaona haya, akajifunika mtandio vizuri, kisha akasema, "Sauti tukuani. Uso niwatieni."

Shauri likawa hilo. Mwigizaji yule yule atabaki katika picha, na sauti itakuwa ya mama yangu. Stara haikuvunjika, na ajuza wa Mvita amerudishiwa ulimi wake. Kwa vijana watungao filamu, michezo na hadithi leo nina ombi moja: kabla hamjamtia nyanya maneno kinywani, kaeni naye jikoni mumsikilize. Na kwetu sisi wazee wa kalamu nimetunga ubeti huu, nikianza kujiusia mimi:

Lugha ni nyumba ya mama, haikodishwi kwa mtu,
Ndimo tulimosimama, tukafundwa utu wetu,
Mwana akitoka hima, asisahau ya kwetu,
Na arudipo salama, akute taa na watu.