Darubini ya bunduki: Namba kubwa si shabaha bora

Na Mwandishi Wetu

WAWINDAJI wengi wanaponunua darubini ya bunduki hutazama kwanza namba ya ukuzaji, wakiamini kuwa inayokuza zaidi ndiyo bora zaidi. Imani hiyo huwagharimu porini, na anayeumia kwanza ni mnyama anayekimbia na jeraha badala ya kuanguka papo hapo.

Suala hilo lina uzito nchini Tanzania, ambako uwindaji kwa leseni unaruhusiwa, tofauti na Kenya iliyoupiga marufuku mwaka 1977. Kwa desturi ya uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hulipiwa sawa na aliyeuawa. Akiwa nyati, wasoma nyayo ndio wanaotangulia kumfuata vichakani, na nyati aliyejeruhiwa huweza kuvizia na kushambulia.

Hatua ya kwanza, kabla ya kuuliza bei, ni kujua umbali. Katika misitu ya miombo ya kusini na magharibi mwa nchi, miti na nyasi huzuia macho, hivyo mwindaji mara nyingi hupiga akiwa chini ya mita 150. Katika mbuga zilizo wazi, swala au kongoni anaweza kuonekana vizuri akiwa mita 250 au 300, na hapo ndipo darubini inapopimwa.

Ukuzaji na mwanga

Darubini iliyoandikwa 3-9x40 hukuza kati ya mara 3 na mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Ikiwekwa kwenye mara 3, mwindaji huona eneo lenye upana wa takribani mita 11 kwa umbali wa mita 100. Ikiwekwa kwenye mara 9, upana huo hushuka hadi mita 4 au 5, na kumtafuta mnyama aliyesogea huwa kazi ngumu.

Aidha, ukuzaji mkubwa hukuza pia mtetemeko wa mikono na mawimbi ya joto yanayopanda ardhini wakati wa mchana. Kwa wanyama wakubwa walio ndani ya mita 300, ukuzaji wa mara 8 hadi 10 hutosha. La muhimu zaidi ni darubini kuweza kushuka hadi mara 2 au 3, kwa ajili ya mnyama anayetokea karibu ghafla.

Mwanga nao una hesabu yake. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwale unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 40 kwenye mara 8 hutoa mwale wa milimita 5. Kwenye mara 16 hutoa milimita 2.5 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo, alfajiri na jioni, ambapo wanyama wengi hutoka malishoni, anayepunguza ukuzaji huona vizuri zaidi.

Risasi hushuka, upepo husukuma

Kwa bunduki ya kipimo cha .308 iliyorekebishwa kupiga katikati kwa mita 200, risasi hushuka takribani sentimita 25 chini ya alama inapofika mita 300. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni huweza kuisogeza sentimita 15 hadi 20 kwa umbali huo. Makosa hayo mawili yakikutana, risasi iliyolengwa moyoni hutua tumboni au mguuni.

Ndiyo maana mpigaji wa mbali huhitaji vifundo vya kurekebishia vinavyoaminika. Katika darubini zenye kipimo cha miliradiani, mlio mmoja wa kifundo kwa kawaida husogeza shabaha sentimita 1 kwa mita 100, sawa na sentimita 3 kwa mita 300. Mshuko wa sentimita 25 hufidiwa kwa milio 8. Kifundo kikizungushwa juu kisha kurudishwa, risasi lazima irejee pale pale. Isiporejea, darubini hiyo haifai kwa masafa marefu, hata kama vioo vyake vinang'ara.

Wanaotumia vijialama vilivyo chini ya msalaba wa kulengea wanapaswa kujua vimewekwa wapi. Katika aina moja, vijialama hukua pamoja na picha, na vipimo vyake ni sahihi kwa kila ukuzaji. Katika aina nyingine ukubwa wake haubadiliki, na vipimo huwa sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, aghalabu ule wa juu kabisa.

Jicho na vifungio

Umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma nao usipuuzwe. Kwa bunduki nzito kama .375, unahitajika usiopungua sentimita 9, la sivyo ukingo wa darubini humpasua mpigaji nyusi bunduki inaporudi nyuma.

Darubini nzuri iliyofungwa kwa pete hafifu haina thamani. Skrubu zikilegea kidogo kwa mitikisiko ya gari, shabaha huhama bila mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo, mwindaji makini hupiga risasi chache za majaribio anapofika kambini, kabla ya kuanza kuwinda.

Mwenye fedha za wastani atafaidika zaidi kwa kununua darubini imara ya 3-9x40 au 2-10 yenye vioo safi, kuliko ya bei hiyo hiyo inayojinadi kwa mara 24. Kinachobaki atumie kununulia risasi za mazoezi.

Mazoezi hayo yafanywe kwa kupiga magoti na kwa kuegemea fimbo, si mezani pekee. Umbali ambao mpigaji hushindwa kuweka risasi zake zote ndani ya duara la sentimita 15 ndio unaomwonyesha mpaka wake. Mnyama aliye mbali zaidi ya hapo asogelewe au aachwe.