Ndani ya Kifua (3): Kichomi Kinaponyamaza Ghafla

Katika sehemu mbili zilizopita tulihesabu mbavu, jozi 12, tukaona pia jinsi kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kinavyopanda hadi karibu na usawa wa chuchu mtu anapotoa pumzi yote. Leo tunaingia ndani. Sitatembea mbali. Nitasimama mahali pamoja tu, kati ya pafu na ukuta wa kifua, kwa sababu hapo ndipo nimeona wagonjwa wengi wakipoteza majuma ambayo hawakupaswa kuyapoteza.

Aliyewahi kusaidia kumpasua mbuzi wa sikukuu atakumbuka jambo hili. Kisu kinapofungua kifua, mapafu yaliyokuwa yamejaa pale ndani yananywea mara moja na kujikunyata karibu na uti wa mgongo. Ukipitisha kidole upande wa ndani wa mbavu unakuta ngozi nyembamba, laini, inayong'aa na kuteleza. Ngozi hiyo ndiyo plura, yaani utando wa mapafu. Una tabaka mbili: moja imelifunika pafu lenyewe, nyingine imetandikwa ndani ya ukuta wa kifua na juu ya kiwambo. Kati ya tabaka hizo, kwa mtu mzima mwenye afya, mna maji ya vijiko vichache tu vya chai. Kazi ya maji hayo ni kulainisha, ili tabaka ziteleze kila tunapovuta pumzi.

Kwa nini basi mapafu ya mbuzi hunywea? Pafu kwa asili yake linataka kusinyaa, kama mpira uliovutwa. Mbavu nazo zinataka kutanuka. Kinachoyashikilia mapafu yasisinyae ni ule unyevu mdogo na ule uwazi uliozibwa usioingiza hewa. Chukua vioo viwili, vilowanishe, vibandike: vitateleza kimoja juu ya kingine, lakini kuvibandua ni kazi. Kisu kikipenya, hewa ikaingia, mshikamano huo umekwisha. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mtu aliyechomwa kisu ubavuni au aliyevunjika mbavu ajalini: pafu linaweza kunywea ingawa lenyewe lina jeraha dogo tu, au halina kabisa.

Sasa tuje kwenye kichomi. Tabaka inayolifunika pafu haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Tabaka ya nje inayo, tena mingi. Utando ukishambuliwa na ugonjwa hupoteza ulaini wake, na kila pumzi tabaka mbili zinakwaruzana. Mgonjwa anasema "nachomwa", na amesema kweli. Anakata pumzi katikati, anajikunja upande mmoja. Ikiwa kinachoshambuliwa ni sehemu ya katikati ya kiwambo, maumivu hujitokeza begani, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni, mahali pamoja na mishipa ya bega. Nimeona bega likisuguliwa dawa ya kuchua siku nyingi, na ugonjwa uko chini ya mbavu.

Kisha linatokea jambo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa nyumbani alishike. Maji yakianza kujaa kati ya tabaka mbili, yanazitenganisha. Hazikwaruzani tena. Kichomi kinanyamaza.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe, fundi seremala, kijana wa makamo ya miaka ishirini na kitu. Alikuwa ameumwa kichomi cha kulia kwa muda wa wiki mbili, akinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, na siku moja kikaisha. Nyumbani walishukuru Mungu. Lakini kijana hakuweza tena kusukuma randa bila kupumzika, jioni alipata homa, usiku alilowanisha shuka kwa jasho, na akawa analala ubavu mmoja tu, ule wa kulia. Niliweka kidole cha kati mgongoni mwake nikakigonga kwa kidole cha mkono wa pili. Upande wa kushoto ulirudisha sauti ya uwazi. Wa kulia, kuanzia chini ya bega, ulikuwa kama kugonga paja.

Kila mwenye simtanki nyumbani anaijua mbinu hiyo: anagonga kutoka juu kwenda chini mpaka sauti ibadilike, akajua maji yameishia wapi. Aliyeiingiza katika tiba ni Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, Austria, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1761. Inasimuliwa kwamba aliizoea tangu utotoni, kwa kugonga mapipa ya mvinyo. Leo kuna picha ya kifua na kuna utrasaundi, lakini kidole bado hakijastaafu. Picha anayopigwa mtu akiwa amesimama kwa kawaida huanza kuonyesha maji yanapofika kama mililita 200. Utrasaundi huyaona yakiwa machache zaidi. Kwa kijana yule maji yalizidi lita moja.

Nilipotaja sindano, mama yake alinishika mkono. "Daktari, nasikia mtu akishatolewa maji ya mapafu haponi." Nilimwambia, "Mama, hayo maji hayamo ndani ya pafu. Yako nje yake, yanalikandamiza. Sindano inayafuata maji, hailifuati pafu." Hofu yake naielewa. Wengi wanaotolewa maji hufikishwa hospitali wamechelewa, wengine wakiwa na saratani, na wakifa lawama huangukia sindano. Nisiwafiche: sindano inaweza kukwaruza pafu, mara chache. Ndiyo maana mahali penye utrasaundi huangaliwa kwanza maji yalipo, na ndiyo maana anatomia haifundishwi ili wanafunzi wafaulu mtihani tu.

Angalia ubavu mmoja. Chini ya ukingo wake, ndani ya mfereji mdogo, umelala mshipa wa vena, kisha ateri, kisha mshipa wa fahamu. Daktari akichoma chini ya ubavu anaweza kutoboa ateri, damu ikajaa kifuani. Kwa hiyo anapapasa ubavu, anatia ganzi, anapita juu ya ukingo wake wa juu. Hiyo tofauti ni ya upana wa kidole tu. Mrija mkubwa ukihitajika, huwekwa ubavuni karibu na kwapa, juu ya mstari wa chuchu, ambapo misuli ni myembamba na kiwambo kiko chini. Maji nayo hayamwagwi yote kwa mkupuo. Kawaida huishia kama lita moja na nusu, kwa sababu pafu lililokandamizwa siku nyingi likifunguka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe.

Rangi ya maji inasema mengi. Usaha unataka mrija, dawa peke yake haitoshi. Maji meupe kama maziwa yanaonyesha kwamba mfereji wa limfu unaopanda kando ya uti wa mgongo umepasuka au umeziba. Ya kijana yule yalikuwa ya manjano, maangavu, na baada ya vipimo jibu lilikuwa kifua kikuu cha utando.

Hapa kuna mtego wa pili. Maji ya kifua kikuu yanaweza kukauka yenyewe, bila dawa, baada ya majuma kadhaa. Mgonjwa anarudi kazini. Vimelea havijaondoka, na kwa wengi ugonjwa hurudi baadaye, safari hii ndani ya pafu, ambako kikohozi kinaweza kuupeleka kwa mke, watoto na wenzake wa karakana. Kijana wetu alimeza dawa miezi sita yote, ingawa wiki ya tatu tu alikuwa ameshachoka kuzimeza.

Wiki ijayo tutavuka katikati ya kifua, tuufikie moyo na mfuko wake. Kwa sasa nina maombi mawili. Kichomi kikinyamaza lakini pumzi ikapungua, msishukuru kwanza. Mpelekeni mgonjwa akagongwe kifua na kupigwa picha. Na mkimkuta ndugu yenu wodini na mrija wa kifua unaoingia kwenye chupa yenye maji, msiinyanyue chupa hiyo kuiweka kitandani au mezani. Ikipita usawa wa kifua, maji yake yanaweza kurudi ndani. Iacheni sakafuni.