Uchovu Unaporejea Mchana, Sababu Itafutwe Usiku

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa ambaye pumzi zake hukatika usingizini, naye amezoea kusinzia kutwa, hupewa mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Baada ya majuma machache huamka mchangamfu, na jamaa zake hufurahi. Kisha, pengine baada ya miezi au miaka, usingizi wa mchana hurejea. Anasinzia ofisini, anasinzia ibadani na, hatari kuliko yote, anasinzia akiwa ameshika usukani.

Wengi hukata tamaa hapo, wakiamini kuwa mashine imeshindwa. Wengine huitwa wavivu na watu wa nyumbani mwao. Yafaa ieleweke kwamba uchovu unaorejea ni dalili kama dalili nyingine, na mara nyingi chanzo chake huonekana kikitafutwa kwa utaratibu.

MASHINE HAIPONYI

Katika ugonjwa huu, misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikaziba na pumzi zikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kwa usiku mmoja. Kila mara ubongo humgutusha mgonjwa bila mwenyewe kujua. Mnamo mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza kuwa wamewasaidia wagonjwa watano kwa kuwapulizia hewa puani mfululizo. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo. Mashine hiyo hujulikana hospitalini kwa herufi CPAP.

Hewa hiyo huzuia koo lisizibe, lakini kwa muda ule tu mashine inapotumika. Kwa hiyo swali la kwanza ni la saa. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Anayevua barakoa usiku wa manane, au anayekatikiwa na umeme akalala hivyo hivyo hadi alfajiri, amelala sehemu ya usiku bila tiba.

HEWA INAVUJA WAPI?

Swali la pili ni la hewa kuvuja. Mpira wa barakoa huchakaa kwa mafuta ya ngozi. Huosha kwa sabuni laini kila siku na hubadilishwa ukilegea. Mkanda uliokazwa mno nao huvujisha, kwa kuwa huukunja mpira. Kinywa kikavu asubuhi huonyesha kwamba pengine hewa inatokea mdomoni. Macho yanayowasha huashiria mwanya kwenye daraja la pua. Bomba nalo lichunguzwe kama lina tundu, na chujio litazamwe mara kwa mara, hasa miezi ya vumbi.

Hapa mume au mke ni shahidi mkubwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Akisikia mluzi wa hewa, au kukoroma kumerudi ilhali barakoa imevaliwa, amweleze daktari.

BARIDI NA MAJI YA MERU

Mwezi Juni na Julai, baridi ya usiku ya Arusha hugeuza mvuke wa mashine kuwa maji ndani ya bomba. Maji hayo huguguma na kumwamsha mgonjwa. Dawa yake ni rahisi: bomba lipitishwe chini ya blanketi au livishwe kitambaa, na mashine iwekwe chini kuliko kichwa.

Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Mlima Meru yana madini, floridi ikiwamo, na kuyachemsha hakuyaondoi. Huacha ukoko katika chombo cha mvuke. Yatumike maji yaliyokenekwa, wala yasichanganywe kamwe na tindikali ya betri.

Tena, Arusha ipo kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mashine nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe. Baadhi ya zile za zamani, zilizopangwa pwani, hutoa msukumo pungufu zikiletwa huku juu, hadi zirekebishwe. Aliyeletewa mashine iliyokwisha kutumika ughaibuni aiulizie zaidi, kwani Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuondoa mamilioni ya mashine zake kwa sababu ya sponji iliyoweza kumomonyoka ndani ya njia ya hewa.

MWILI NAO HUBADILIKA

Iwapo vifaa vyote ni vizima, utazamwe mwili. Kunenepa huongeza uzito shingoni, na msukumo wa zamani ukawa hautoshi. Pombe, hata mbege ya jioni, hulegeza koo. Baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi. Upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo iliyozorota na sonona huchosha hata mtu anayepumua vyema.

Mashine nyingi huhifadhi hesabu ya mara ambazo pumzi zimekatika kwa saa. Chini ya 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa vizuri. Hesabu ikiwa kubwa, mgonjwa asijiongezee msukumo mwenyewe. Wapo ambao pumzi zao hukatika kwa sababu ubongo haukutoa amri ya kuvuta hewa, na kwao msukumo mkubwa huweza kuzidisha tatizo. Wapo pia wanaobaki na usingizi ingawa hesabu ni nzuri. Hao huweza kupewa dawa na daktari.

Ndugu msomaji, chukua daftari. Kwa majuma mawili andika saa ya kulala na ya kuamka, saa ulizovaa barakoa, dawa ulizomeza na jinsi mchana ulivyokwenda. Lipeleke daftari hilo, pamoja na mashine na barakoa yako, kwa daktari wa Hospitali ya Mount Meru, au wa KCMC kule Moshi, ili aanzie hapo.

Wakati huo wote usiendeshe gari ukiwa na usingizi. Dereva wa watalii aondokaye alfajiri kuelekea Ngorongoro amebeba roho za watu pamoja na yake. Siku ambayo macho ni mazito, amwachie mwenzake usukani.