Goti la Mtoto Anayekua

Kijana wa miaka 13 anayecheza mpira kila jioni akisema goti linauma, nyumbani huambiwa anakua tu, au hupelekwa kuchuliwa. Mara nyingi maumivu hupoa yenyewe. Likiuma kwa wiki kadhaa, likivimba baada ya mchezo au likikwama lisinyooke, hilo ni la kupigwa picha, si la kuchuliwa.

Gegedu, lile tabaka jeupe na telezi linalofunika ncha za mifupa gotini, halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa hiyo likiharibika haliponi kama ngozi. Kwamba likiharibika haliponi, William Hunter aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society jijini London mwaka 1743.

Kwa watoto, lakini, shida mara nyingi huanzia chini ya gegedu, kwenye mfupa wenyewe. Ugonjwa huo unaitwa osteokondritisi disekansi, jina alilolitoa mpasuaji Mjerumani Franz König mwaka 1887. Sehemu ndogo ya mfupa hudhoofika, kwa kawaida kwenye ncha ya mfupa wa paja upande wa ndani wa goti, na gegedu iliyo juu yake hubaki kama lipu juu ya ukuta uliomung'unyika. Eksirei iliyopigwa mguu ukiwa umenyooka inaweza kuukosa ugonjwa huu, kwa hiyo ni lazima ipigwe nyingine goti likiwa limekunjwa. MRI ndiyo huonyesha kama maji yamepenya chini ya kipande hicho cha mfupa na gegedu.

Daktari hujiuliza mawili. Kipande bado kimeshika? Na mabamba ya ukuaji, yale maeneo ambayo mfupa hurefukia, bado yako wazi? Ikiwa ni ndiyo kwa yote mawili, dawa ya kwanza ni miezi mitatu hadi sita bila michezo, na wengi hupona bila kisu. Kwangu hii ndiyo tiba ngumu kuliko zote, maana mzazi alikuja akitarajia sindano, na mtoto hutoroka kwenda uwanjani.

Mfupa usipopona, mpasuaji huingiza kamera nyembamba na kutoboa vitundu kwenye sehemu iliyodhoofika ili damu ya mfupa mzima ipenye. Kipande kilicholegea hukazwa kwa skrubu ndogo za chuma, au za aina inayoyeyuka mwilini.

Kilichovunjikavunjika hakirudishiki. Hapo kuna kutoboa mfupa ulioachwa wazi ili uote tishu ya kovu, ambayo ni dhaifu kuliko gegedu halisi. Kuna kuhamisha vijiti vya mfupa na gegedu kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mkubwa, njia iliyoenezwa na László Hangody wa Hungaria. Na kuna kukuza seli za mgonjwa maabara, njia ambayo Brittberg, Peterson na wenzao wa Göteborg, Sweden, waliitangaza mwaka 1994. Hii ya mwisho ndiyo husifiwa sana, lakini ni ghali, na hudai upasuaji mara mbili. Mimi gegedu ya mtoto mwenyewe, ikiokoleka, siibadilishi kwa chochote.

Kinachomtisha zaidi mpasuaji wa watoto ni bamba la ukuaji lililo juu kidogo ya goti. Huurefusha mguu kwa karibu sentimita moja kwa mwaka, na huchangia takriban asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja. Likijeruhiwa, mguu unaweza kupinda au kubaki mfupi, ndiyo maana njia ya waya wa kutobolea mfupa hufuatiliwa kwa eksirei palepale chumba cha upasuaji. Bamba hilohilo, hata hivyo, husaidia. Mtoto mwenye matege huulemea upande wa ndani wa goti, palepale penye mfupa uliodhoofika. Kibati kidogo kikifungwa upande mmoja wa bamba hupunguza ukuaji wa upande huo, na mguu hunyooka taratibu. Kwa mtu mzima ingebidi kukata mfupa.

Baada ya upasuaji huwa ni magongo kwa wiki kadhaa, kisha mazoezi ya tiba. Ruhusa ya kurudi uwanjani hutolewa picha zikionyesha mfupa umeunga, na paja la mguu ule likiwa na nguvu sawa na la pili. Maumivu kuisha hakutoshi, kwani huweza kutoweka mapema sana kabla mfupa haujaunga.